Siku Mama Mkwe Alipoisugua Injini Yangu

Haya, nyie mlioketi hapo mbele, kunjeni miguu wengine wapite. Na wewe uliyesimama mlangoni, ingia au toka, ukibaki katikati unatuletea mbu. Nikimaliza mtanihukumu wenyewe. Ila msinikatishe, maana nikikatishwa itabidi nianze upya, na mwanzo wake ndio unaoniuma kuliko mwisho.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Ziwa lilikuwa linatapika watu. Boti ndogo ya kubebea dagaa inafika pale Kibirizi, wanashuka watu mpaka unachoka kuwaangalia, unakwenda nyumbani, unakula, unarudi, bado wanashuka. Kigoma ilijaa, Ujiji ikajaa, Mwanga ndiyo usiseme, ukitaka kukohoa unamwomba kwanza jirani asogee.

Mke wangu kwao ni ng'ambo, Kongo, nyuma ya milima ile mnayoiona mvua ikishaosha hewa. Nilimwoa zamani, wakati watu walikuwa wanavuka kwenda harusini tu. Vita vilipofika kwao, mama yake naye akavuka. Sasa, kila mtu alivuka na alichoweza. Wapo waliovuka na godoro, wapo waliovuka na cherehani. Mmoja nilimwona kwa macho yangu amevuka na mlango, mlango mtupu, nyumba ameiacha kulekule. Mama mkwe wangu alivuka na sufuria saba. Kanga ya kubadilisha hana, viatu hana, lakini sufuria saba ziko kichwani, moja ndani ya nyingine, na zilikuwa zinang'aa kiasi kwamba watu wa Kibirizi waliiona boti kabla haijaondoka Kongo.

Wenzake walipelekwa kambini. Mimi nikasema hapana, mama wa mke wangu hawezi kulala kwenye hema na mimi nina vyumba viwili Ujiji. Nilisema mwenyewe, kwa kinywa changu, mbele za watu. Kwa hiyo simlaumu mtu.

Mimi ni Muha, mzaliwa wa Simbo. Kwetu mama mkwe haangaliwi usoni. Humpi mkono, huli naye, hupiti karibu yake, na kumsemesha ana kwa ana ni sawa na kumvua kilemba. Ukiwa na neno, unampa mke wako alipeleke. Kwa mtu aliyemwacha mama mkwe kijijini kwake hii desturi ni nyepesi, hata tamu. Kwa mtu anayelala naye nyumba moja, ukuta mmoja wa tope katikati, ni adhabu. Mama yuko hapo, namsikia anapumua, nami namwambia mke wangu, "Mwambie mama kuna mtu amekalia spana yangu." Mke wangu anageuza kichwa, "Mama, umekalia spana." Mama anamwambia mke wangu, "Mwambie bwana yako spana gani, hapa minaona chuma tu." Mke wangu akiwa sokoni, namwambia kuku. Kuku wangu mmoja mweupe alipeleka maneno mengi siku zile kuliko posta.

Na sufuria. Kila siku ya Mungu, jua likichomoza tu, mama anazibeba kwenda ziwani. Wanawake wa kwao wanakutana pale mchangani, wanaingia maji ya magoti, wanasugua. Mchanga, majivu, ndimu, halafu mchanga tena. Kwao mwanamke hatazamwi sura, anatazamwa sufuria. Akirudi anazipanga kwenye benchi langu la kazi, zimefudikizwa, na mimi vifaa vyangu viko chini yake. Kutafuta plagi moja lazima nifunue saba.

Ningevumilia, lakini sufuria zilipokwisha kung'aa akahamia kwenye nyumba. Alisugua ndoo. Alisugua kufuli mpaka ufunguo ukawa haulijui. Alisugua redio yangu kwa majivu, na tangu siku ile ikawa inashika stesheni za ng'ambo tu. Nikamwambia kuku, "Mwambie mama redio haisuguliwi." Kuku akanitazama. Kutoka ukutani nikasikia, "Ilikuwa na uchafu."

Sasa nije kwenye pikipiki.

Nilikuwa na pikipiki ya Kijapani, pistoni moja, nyekundu wakati inatoka kiwandani, lakini nilipoinunua ilishasahau rangi. Nilikuwa nabebea samaki wetu migebuka na watu kati ya Ujiji na Simbo, wakati mwingine mgebuka na mtu wanagombea kiti kimoja. Injini yake ilikuwa na rangi ya ukoko wa ugali uliosahauliwa jikoni. Tope la Simbo limekaukia juu yake, oili imekaukia juu ya tope, magamba ya samaki juu ya oili. Ile mistari ya silinda inayokaa kama mapezi ya samaki ili ipoe, huioni, imeziba.

Basi likatoka tangazo. Ofisi moja ya wafadhili pale mjini inatafuta mtu mwenye pikipiki yake, awe anapeleka barua na visanduku vya dawa kambini. Mshahara kila mwezi, mafuta juu yao, na koti la mvua. Mimi lile koti ndilo lililonimaliza. Miaka yote nimelowa, leo kuna mtu anataka kunipa koti. Na mshahara, wenzangu, mshahara unaokuja hata kama ziwa limechafuka na migebuka wamegoma. Nyumbani midomo ilikuwa imeongezeka na migebuka hawakuongezeka. Nikasema kazi hii nisipoipata, nauza pikipiki na narudi Simbo kulima maharage, na mama na sufuria zake nyuma yangu.

Zamu yangu ya ukaguzi Jumatatu. Waliokaguliwa mwanzo walirudi wamenuna. Walisema yule mkaguzi ni mtu wa ajabu, anapiga magoti chini na suruali yake ya kupigwa pasi, anachungulia injini kama mtu anayetafuta sindano. Maneno yake ni hayahaya kila pikipiki: mtu asiyetunza injini yake hawezi kunitunzia dawa zangu. Tope la kidole kimoja, rudi kwenu. Vumbi, rudi kwenu.

Jumamosi nikaifungua. Nilitandika gunia uani, nikatoa kabureta, kichwa cha silinda, silinda yenyewe, pistoni na ringi zake, makava yote mawili ya pembeni. Bolti nikaweka kwenye kikopo. Tumbo la injini lililobaki kwenye fremu nikaliziba kwa kitambaa. Halafu nikaanza. Petroli kidogo na mswaki mzee kwa tope. Masizi ya juu ya pistoni unayakwangua kwa kijiti, usitumie chuma, ile ni aluminiamu, inachubuka kama mtoto. Halafu msasa laini uliolowa mafuta ya taa, unakwenda upande mmoja tu, taratibu, halafu stili waya, halafu kipande cha suruali ya jinsi mpaka bega liseme basi. Nilianza saa mbili asubuhi. Mpaka adhana ya alasiri nilikuwa nimepata duara moja linalong'aa kwenye kava, ukubwa wa kisahani cha kikombe. Duara moja. Bega limevimba limekuwa kama boga.

Nikamwambia mke wangu, kwa sauti, nilikuwa nimechoka, "Hivi vyuma visipong'aa Jumatatu kazi imekwenda. Imekwenda, usiniulize tena." Kwenye kile chumba kingine kukawa kimya. Kile kimya ningekijua maana yake, ningelala juu ya gunia.

Jumapili asubuhi nikaenda Mwanga kutafuta gasiketi ya kuziba maungio. Mwenye duka alinipa ya pikipiki nyingine, nikamrudishia, akanipa ya pampu ya maji, nikamrudishia, akasema basi nikate mwenyewe, akaniuzia karatasi ngumu. Mke wangu alikuwa ametoka na dagaa wake. Narudi nyumbani, naingia uani, gunia lipo. Juu ya gunia hakuna kitu.

Nilidhani mwizi. Nikaangalia kikopo cha bolti, hakipo. Nikaangalia benchi, sufuria hazipo. Wenzangu, niliomba awe mwizi. Nilisimama pale uani ninamwomba Mungu aniletee mwizi.

Nilikimbia kwenda ziwani mpaka nikaupita upepo, nikausikia unanifuata nyuma. Nafika, wanawake wamejipanga majini, kanga zimefungwa kiunoni, wanacheka, wanasugua, na kila mmoja mkononi ana injini yangu. Mnene mmoja ana kava, amelipaka ndimu. Mwenzake ana kichwa cha silinda, anachokoa ndani kwa kidole na majivu. Mmoja kijana ameshika pistoni, ringi kazivua, ameziweka kwenye ungo na vijiko. Kabureta ilikuwa imezamishwa nzima kwenye mchanga wa majini, iloweke.

Na mama mkwe wangu amekaa juu ya jiwe, ameibana silinda kwa magoti. Mkononi ana gunzi la hindi. Analichovya kwenye mchanga mbichi, analitia kwenye tundu la silinda, anapampu. Juu, chini, juu, chini. Ile silinda tangu itoke Japani haikuwahi kupandwa na kushukwa kwa nguvu ile. Mchanga ulikuwa unalia mle ndani nikahisi meno yangu ndiyo yanasuguliwa.

Nilifungua mdomo. Nikakumbuka ni nani. Nikageuka nikampa mgongo, kama inavyotakiwa, na mke wangu hayupo, na kuku nimemwacha nyumbani. Mbele yangu kulikuwa na ziwa peke yake. Nikaliambia ziwa.

"Ziwa," nikasema, "mwambie mama avute mkono taratibu, aache hapohapo alipofika."

Wanawake wakaacha kusugua. Mmoja akasema, "Mukwe wa watu, jua imemuingia kichwa."

"Mwachie," mama akasema, "anasema na mimi. Ziwa, mwambie mukwe nakaribia kumaliza."

"Ziwa, mwambie mama ile inasuguliwa nje tu. Ndani haiguswi."

Gunzi likasimama. Halafu mama akaliambia ziwa kwa upole, kama anamfundisha mtoto mgumu, "Ziwa, umuulize mukwe, sufuria gani banasugua nje, ndani banaacha muchafu, kisha banapikia bageni? Kwetu huyo mwanamuke banamurudisha kwao."

Wanawake wote wakasema ndivyo, ndivyo, banamurudisha.

"Ziwa, mwambie mama mle ndani mna mafuta. Yale si uchafu, ndiyo uhai wake."

"Mafuta yenyewe nyeusi," mama akasema. "Mimi nimepika toka nikiwa binti, sijaona mafuta nyeusi ya kupikia."

Nilikuwa nimekunja ngumi mpaka kucha zimeingia viganjani. Nilikuwa na maneno, wenzangu. Nilikuwa na maneno ya Kiha ambayo hata babu yangu aliyaogopa. Nikavuta pumzi niyatoe, liwalo na liwe, na hapo nikasikia sauti yake imeshuka.

"Ziwa," akasema, "mwambie mukwe, toka nifike nakula ugali yake. Nalala kwa ukuta yake. Sina ya kumupa. Jana nimesikia kazi inakwenda juu ya uchafu. Uchafu ndiyo kitu moja minaweza kupigana nayo. Mikono nilivuka nayo."

Maneno yote ya babu yalirudi tumboni yakalala. Nikaliambia ziwa, "Mwambie mama, asante." Nikasikia gunzi linaanza tena.

Mchana kutwa nilipigana na mchanga. Nilisukutua kila kitu kwa mafuta ya taa, mchanga. Nikasukutua tena, mchanga. Kabureta nikaipuliza mpaka masikio yakaziba, ikatoa mchanga wa kujengea choo. Kitobo cha petroli nikakizibua kwa unywele wa mkia wa ng'ombe, maana unyasi haukupita. Nilipotazama ndani ya silinda, kulikuwa kumechorwa mistari kama shamba la matuta ya viazi. Nikatia pistoni, ikaingia na nafasi ya kumpisha mgeni. Ringi moja ilikuwa imenyooshwa. Mtu aliona imepinda, akaihurumia. Nikairudisha kwa nyundo ndogo na dua.

Lakini nikisema imeng'aa, sikilizeni, sitii chumvi. Ule mng'aro haukuwa wa pikipiki. Yale mapezi ya silinda ungeweza kujitazamia ukinyoa ndevu. Jogoo wa jirani alipita, akajiona kwenye kava, akaanza kupigana, akapigwa, akaondoka. Tulipoisukuma ikawaka, jirani mwingine alitoka na debe la mahindi, alidhani nimeleta mashine ya kusaga. Ikalia dakika mbili, nikaizima haraka, nikasema sauti hii iliyobaki tusiimalize, tuifikishe mjini.

Jumatatu mama akasema, kupitia kwa mke wangu, kwamba anakwenda. Nikasema, kupitia kwa mke wangu, hakuna haja. Akasema, kupitia kwa mke wangu, hajasugua kitu maishani mwake kikaenda kutazamwa yeye hayupo. Yeye na mke wangu wakatangulia kwa miguu kungali umande.

Niliwakuta Mwanga, karibu na soko. Niliwakuta kwa sababu pikipiki ilifia pale. Ilikohoa, ikatema moshi mweupe, ikakaa kimya mbele ya mafundi cherehani wote. Mtu wa kwetu Simbo alikuwa anashusha maharage, akaniamkia kwa Kiha, akaiangalia, akasema, "Kumbe umenunua mpya."

Kutoka Mwanga kwenda mjini lazima kusukuma, na kusukuma kunataka watu watatu, na mmoja wa hao watatu ni mama mkwe, na mimi na mama mkwe hatuwezi kushika chombo kimoja. Basi mimi nikashika usukani. Mke wangu akasukuma pikipiki kwa nyuma. Mama akamsukuma mke wangu mgongoni. Tulipita hivyo njia nzima, msafara, na kila tuliyepishana naye alikuwa na ushauri.

Pale ofisini tulipanga foleni. Zilikuwepo pikipiki nzuri kuliko yangu, lakini waliokuwa nazo walipoiona ya kwangu walianza kutema mate kwenye vitambaa na kusugua matanki yao kwa wasiwasi. Mkaguzi akafika. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akapiga magoti. Akachungulia chini ya injini, kati ya mapezi, nyuma ya kabureta. Akapitisha kidole, akakitazama, akakinusa. Nadhani kilinukia ndimu.

"Njooni hapa," akawaita wengine wote. "Njooni mwone mtu anayetunza chombo." Akanigeukia. "Nani amesafisha hii?"

Nikasema, "Nyumbani, mzee."

Nyuma yangu nilisikia mama anakohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayejizuia.

Mkaguzi akafungua daftari, akaniuliza jina, akaliandika. Niliiona kalamu inaandika. Wenzangu, nilishalivaa lile koti. Nilikuwa nimeshapiga vifungo, mvua inanyesha njia nzima ya kambini na mimi nimekauka ndani kama mhogo wa kusaga.

"Haya," akasema, "iwashe niisikie."

Nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Ikasema kitu kidogo, kama mzee anayeamshwa. Ya tatu nikapiga kwa uzito wangu wote na wa ukoo mzima, ikawaka. Ilitoa mlio ambao mbwa wa mjini waliujibu. Moshi ukatoka kwa kila tundu, hata matundu ambayo sikujua inayo. Ofisi ikapotea, mkaguzi akapotea, foleni ikapotea, nikabaki mimi na ule mlio. Halafu ndani mle kitu kikamng'ata mwenzake, kraa, na ikanyamaza.

Moshi ulipopungua mkaguzi alikuwa amesimama palepale, suruali yake ya pasi imekuwa ya mchoma mkaa. Alikuja mwenyewe akakanyaga kiki kwa kiatu chake. Haikushuka. Akaikanyaga kwa miguu miwili, akapanda juu yake, akabaki amesimama hewani kama kuku kwenye uchaga. Imeshikana, imekuwa chuma kimoja, hakuna pistoni wala silinda. Akashuka. Akafungua daftari, akatafuta jina langu, akalipiga mstari. Akaupiga wa pili juu ya ule wa kwanza, asije akasahau.

"Bwana," akaniambia, bila hasira, kama mtu anayetoa pole, "hii pikipiki nenda kaizike."

Na mama mkwe wangu, ambaye tangu avuke ziwa hakuwahi kunena na mwanamume yeyote nami nikiwepo, akampita mke wangu, akanipita mimi, akasimama mbele ya mkaguzi.

"Baba," akasema, "kuosha tumekwisha kuosha. Wewe utuonyeshe tu makaburi."